Udongo wa Mfinyanzi na Metali Nzito Kwenye Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kupima maji. Nilianzia Nakuru, sasa niko Kisumu. Maswali haya nimeyaokota kwa watu wanaoleta chupa zao dirishani, kwenye vikundi vya akina mama, kwa mafundi wa jua kali, na kwa vijana wa sekondari wanaosaka mradi wa maonyesho ya sayansi. Sikuyapanga kwa ustadi. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa kuwa hayahitaji zaidi.

Je, ni kweli udongo unaweza kutoa risasi na metali nyingine kwenye maji?

Kweli. Si uganga, wala si habari ya kusambazwa WhatsApp. Ila neno "kutoa" linadanganya kidogo. Udongo hauiui risasi wala hauigeuzi kuwa kitu kingine. Ikishatoka kwenye maji, imo ndani ya udongo, yote, hadi chembe ya mwisho. Imehama nyumba tu. Shika hilo, kwa sababu maswali mengi hapa chini yanarudi palepale.

Metali nzito ni zipi, na huku kwetu zinatoka wapi?

Zinazonisumbua zaidi ni risasi, kadimiamu, zebaki na kromiamu. Shaba na zinki nazo zimo, lakini mwili unazihitaji kidogo, kwa hiyo hazitishi kwa kiwango kilekile. Aseniki si metali kamili, ila kila mtu huiweka kwenye orodha hii, nami sibishani.

Risasi hutoka kwenye betri za gari zinazovunjwa uani, rangi za zamani, na viungio vya mabomba vilivyochomelewa kwa risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya mwaka 2006, lakini iliyokwisha kutua kwenye udongo wa kando ya barabara kuu haikuondoka nayo. Kadimiamu iko kwenye baadhi ya betri za kuchajiwa na, kwa kiasi kidogo, kwenye mbolea za fosfati. Kromiamu hutumika kutengeneza ngozi. Zebaki ni ya wachimba dhahabu. Hiyo nimeiwekea swali lake.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni vidogo mno: risasi miligramu 0.01 kwa lita, zebaki 0.006, kadimiamu 0.003. Ukitaka kuiona hiyo 0.01, fikiria punje moja ya mchele wa Ahero. Uzito wake ni kama miligramu 20. Risasi ya uzito huo, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha mitungi 100 ya lita 20 kwenye kikomo. Punje moja, mitungi mia.

Udongo unaishikaje metali?

Chukua chapati iliyokandwa na mtu anayejua kazi yake, uichane. Ndani ni tabaka juu ya tabaka. Punje ya udongo wa mfinyanzi iko vivyo hivyo, ila tabaka zake ni nyembamba kiasi kwamba hadubini ya shule haizioni. Zimejengwa kwa silikoni, aluminiamu na oksijeni. Udongo ulipokuwa ukiumbika, baadhi ya nafasi za silikoni zilikaliwa na aluminiamu, na baadhi ya nafasi za aluminiamu zikakaliwa na magnesiamu. Wageni hawa wana chaji chanya pungufu kuliko wenyeji waliowaondoa, basi tabaka ikabaki na chaji hasi.

Ili kusawazisha, udongo hujivutia ioni (yaani atomu zenye chaji ya umeme) zilizo chanya: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Hizi hazikufungwa, zimeegama tu. Maji yenye risasi yakifika, ioni ya risasi inaisukuma sodiamu na kukalia kiti chake. Ni mambo ya stendi ya matatu: mmoja anashuka, mwingine anapanda, gari halijaongezeka ukubwa. Sodiamu inakwenda na maji, risasi inabaki kwenye udongo.

Kuna njia ya pili. Kwenye kingo za tabaka, pale zilipokatika, metali hujifunga kwa nguvu zaidi kuliko kule katikati. Viti hivi ni vichache, lakini ndivyo vinavyookoa kazi maji yakiwa na chumvi nyingi.

Siri nyingine ni eneo. Gramu moja ya montmorilonaiti, ukihesabu tabaka zote ndani na nje, ina uso wa mita za mraba kama 750. Gramu 10, yaani vijiko viwili vidogo vya chai, ni uwanja mzima wa mpira. Nikiwaambia vijana hivyo huwa hawaamini hadi wapige hesabu wenyewe.

Basi udongo wowote unafaa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. "Udongo wa mfinyanzi" ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo kuna ndugu wasiofanana kabisa.

Kaolinaiti ni ule mweupe, mlaini, wa kutengenezea vikombe vya kauri na kupaka karatasi. Huko Eburru, juu ya Naivasha, mvuke wa ardhini umepika miamba ya volkano hadi ikageuka udongo wa aina hii. Tabaka zake zimeshikana sana, maji hayaingii katikati, kwa hiyo viti vyake ni vya nje tu. Wataalamu hupima uwezo wa kubadilishana ioni kwa milikiwivalenti kwa gramu 100 (usiogope jina, ni hesabu ya viti). Kaolinaiti hupata 3 hadi 15. Udongo mwekundu wa Kakamega na Kisii umejaa kaolinaiti pamoja na kutu ya chuma.

Montmorilonaiti ni mwingine kabisa: 80 hadi 150. Huu huvimba. Maji huingia kati ya tabaka na kuzitanua kama kitabu kilicholowa. Mwamba uliojaa montmorilonaiti huitwa bentonaiti, na wachimbaji wa visima virefu wanaujua kwa sababu ndio unaozuia shimo lisibomoke. Ilaiti iko katikati, 10 hadi 40.

Udongo mweusi wa nyanda za Kano una jamaa hawa wanaovimba kwa wingi. Huhitaji maabara kuutambua. Nenda Ahero Januari: nyufa zinaweza kumeza kandambili. Rudi Aprili: matope yanameza gurudumu. Kule kupasuka na kuvimba ndiko tabaka zinafunga na kufungua milango.

Mfinyanzi wa Ilesi, pale barabara ya Kakamega, hautaki udongo unaovimba hivyo. Ukikauka unapasua chungu kabla hakijaona moto, au itamlazimu auchanganye na mchanga ama vigae vilivyosagwa. Udongo anaoulaani yeye ndio ninaoutafuta mimi.

Lakini udongo wa shambani si bentonaiti safi. Una mizizi iliyooza, mayai ya minyoo, mabaki ya dawa za kunyunyizia, na wakati mwingine metali zake wenyewe. Kabla ya kuutumia kwa kazi yoyote ya maana huoshwa, huchujwa ili mchanga ubaki chini, hukaushwa, kisha hupimwa.

Nyanya yangu aliweka maji kwenye chungu maisha yake yote. Si ni kitu kilekile?

Swali zuri, na jibu huwaudhi watu. Chungu kilichochomwa si udongo tena. Moto wa wazi wa kuni na nyasi hufika nyuzi joto 600 hadi 900. Kaolinaiti huanza kupoteza maji yaliyofungwa ndani yake karibu na nyuzi 500, na zile zinazovimba nazo hubomoka joto likizidi hapo. Milango inajifunga na haifunguki tena. Chungu kinapoza maji kwa sababu kinatoa jasho, na maji yake yana ladha ambayo friji haijawahi kuiweza, lakini risasi hakiigusi kwa kiasi cha kutegemewa.

Kuna pia vichujio vya kauri, vile vinavyofanana na sufuria ya maua ndani ya ndoo. Mtindo huo ulibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos. Udongo huchanganywa na vumbi la mbao au maganda ya mpunga, maganda yanaungua motoni na kuacha vijitundu, kisha hupakwa fedha, ile metali. Ni vizuri sana kwa vijidudu na tope. Metali iliyoyeyuka hupita kwenye vijitundu hivyo bila kuguswa. Anayekuuzia kichujio cha namna hiyo kwa ahadi ya kutoa metali nzito, mwombe karatasi ya maabara.

Na jambo la kinyume: chungu au bakuli lililopakwa rangi ya kung'aa linaweza kutia risasi kwenye chakula, kama rangi yenyewe ilitengenezwa kwa risasi. Cha kienyeji kisichopakwa kitu hakina shida hiyo.

Nikichota udongo mweusi, nitie vijiko vingapi kwenye mtungi wa lita 20?

Usitie hata kimoja kwenye maji ya kunywa. Ngoja nikueleze kwa nini, maana hesabu yenyewe inavutia.

Tuseme maji yako yana risasi miligramu 0.05 kwa lita, mara tano ya kikomo. Kwenye mtungi mzima kuna miligramu 1. Udongo wenye uwezo wa 80 unaweza, kwa hesabu ya karatasini, kubeba miligramu 83 za risasi kwa kila gramu. Kumbe hata chembe ya gramu moja ingetosha! Hapo ndipo muuzaji wa unga huishia, na wewe unatoa pesa.

Sasa ongeza kalsiamu, ile inayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Maji yenye miligramu 20 kwa lita ni ya kawaida tu. Ukihesabu ioni, kwa kila moja ya risasi kuna za kalsiamu zipatazo 2,000, zote zinagombea viti vilevile. Udongo unaipendelea risasi kuliko kalsiamu, ndiyo, lakini mtu mmoja kwenye foleni ya watu 2,000 hafiki dirishani haraka hata akiwa na barua ya chifu. Kwa hiyo dozi halisi haitoki kichwani wala kijikoni. Inatoka kwenye majaribio ya maji yako wewe: chupa tano, dozi tano, unapima zote.

Halafu kuna kuutoa huo udongo. Punje za udongo unaovimba ni ndogo mno na zinasukumana kwa chaji zao hasi, zinaelea siku nzima. Kitambaa hakizishiki. Ukinywa maji yenye udongo ulioshiba risasi, asidi ya tumbo inaiachia risasi humohumo. Umeikusanya vizuri, umeimeza kwa pamoja.

Kuchemsha je? Na WaterGuard, ile dawa ya klorini?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Metali haivukizwi na moto wa jikoni. Maji yakipungua, metali inabaki na kuzidi makali. Klorini nayo ni ya vijidudu tu. Viendelee kutumika, kipindupindu hakingoji, lakini kwa risasi si dawa.

Mbona maji ya Nyando huja ya kahawia hivyo na bado yanatumika? Huo udongo wake haufanyi kazi hiyo hiyo?

Ninalipenda swali hili, niliulizwa na mzee mmoja wa Kano na sikuwa na jibu papo hapo. Ndiyo, unaifanya. Mto uliojaa tope umeshajitibu kwa sehemu: metali nyingi ndani yake hazielei peke yake, zimepanda juu ya chembe za udongo. Ndiyo maana mtambo wa maji unapotia shabu (wengine huiita alamu) na kuacha tope litulie, sehemu kubwa ya metali inatua nalo bila mtu kuipangia. Ukiacha maji ya mto yatulie na kumimina ya juu, umefanya vivyo hivyo kwa uchache. Usiyaite salama kwa sababu hiyo tu.

Kumbuka kuhama nyumba, hata hivyo. Kile kinachotua hakipotei. Tope la chini la Ghuba ya Winam limepokea miaka mingi ya maji ya Nyando, Kibos, Kisat na mitaro ya mji. Metali imelala mle. Maji yakikosa oksijeni au yakibadilika asidi, sehemu yake inaweza kuamka na kurudi majini. Kwa hiyo sampuli safi iliyochotwa juu ya ziwa haikuambii kilicho chini ya mtumbwi.

Asidi ya maji ina maana gani hapa?

Ina maana kubwa kuliko aina ya udongo, mara nyingine. Asidi hupimwa kwa pH: namba ikishuka chini ya 7, asidi inazidi. Maji yakiwa makali, pH 2 au 3 kama ya kuoshea betri, yamejaa ioni za haidrojeni, nazo zina chaji chanya. Zinajaza viti vyote. Udongo bora kabisa utakaa pale kama mgeni asiyekaribishwa. pH ya 5 hadi 6 ndiyo risasi hushikwa vizuri. Ikipita 7 hivi, risasi yenyewe huanza kuganda kama vumbi, na mtu anausifu udongo kwa kazi ambayo haukufanya. Hitilafu hii nimeiona kwenye miradi mingi ya wanafunzi: wanapandisha pH, metali inatua yenyewe, wanaandika kwamba udongo wao umeshika asilimia 99. Dawa yake ni rahisi. Weka chupa moja bila udongo kabisa, pH ileile, uone kama nayo imesafika.

Sisi ni wa Nakuru. Udongo utatusaidia na maji yanayoharibu meno ya watoto?

Hilo si tatizo la metali. Ni floridi, na asili yake ni miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, si kiwanda. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi virefu vya huko huvuka. Floridi ina chaji hasi, udongo nao una chaji hasi. Wanafukuzana.

Kilichofanya kazi Nakuru ni makaa ya mifupa: mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo na kusagwa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliendesha mradi wa vichujio hivyo kwa miaka mingi, na mabwana wa huko wanaijua kazi hiyo kuliko mimi. Nyingine ni kuchanganya maji ya kisima na ya mvua. Nilipokuwa nikiishi upande wa Njoro nilikinga mvua kwa mapipa mawili, ya kunywa na kupikia tu, na kisima nikakiachia nguo na ng'ombe.

Diatomaiti ya Kariandusi ni udongo wa namna hii?

Hapana, ingawa ni nyeupe na laini, na lori lake ukilipita barabara ya Gilgil unafikiri ni unga. Ni maganda ya mwani wadogo sana wa majini wa kale, silika tupu. Inachuja chembe vizuri sana, lakini kushika metali iliyoyeyuka ni hafifu isipotiwa kitu kingine.

Vipi zebaki ya machimbo ya dhahabu?

Migori, Siaya, Kakamega upande wa Ikolomani: mchanga wa dhahabu huoshwa kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha donge huchomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mkataba wa Minamata unaotaka zebaki ipunguzwe ulianza kutumika mwaka 2017. Jina ni la mji wa Japani ambako watu waliugua vibaya kwa kula samaki wenye zebaki, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956.

Udongo unashika sehemu ya zebaki iliyoyeyuka. Lakini hatari mbili kubwa hazipiti kwenye chujio. Ya kwanza ni moshi wa kuchoma, unaovutwa na mchomaji na mtoto aliye karibu. Ya pili ni zebaki iliyogeuzwa na bakteria wa matope kuwa zebaki ya methili, inayopanda kutoka kidudu hadi samaki hadi sahani. Kuweka pipa la udongo kando ya dimbwi la kuoshea huku donge linachomwa jikoni ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Vifaa vya kunasa mvuke wa zebaki vipo. Anzeni hapo.

Aseniki na kromiamu je?

Aseniki, na kromiamu ya aina ile kali, hupenda kutembea majini zikiwa na chaji hasi, kwa hiyo udongo mtupu huzishika kidogo tu. Kromiamu ya kutengenezea ngozi kwa kawaida ni ile iitwayo kromiamu ya tatu (III), yenye chaji chanya, hiyo hushikika. Kali ni ya sita (VI), ambayo haishikiki. Aseniki hupenda kutu ya chuma. Nepal wana kichujio cha nyumbani chenye misumari iliyopata kutu juu ya mchanga, na kutu ndiyo inayoinasa. Kwa sababu hiyo udongo wetu mwekundu, dhaifu kwa risasi, unaweza kuushinda mweusi kwa aseniki.

Mimi hula odowa, ule udongo wa kula. Haisaidii kutoa sumu mwilini?

Dada, swali hili huulizwa kwa kunong'ona, ilhali odowa imepangwa mafungu mafungu sokoni mchana kweupe. Sikucheki. Hamu hiyo huwapata wajawazito wengi, na mara nyingi ni damu inayopungukiwa chuma.

Udongo hauchagui. Tumboni unaweza kuishika risasi, na unaweza kukishika chuma kile kile unachokihitaji. Na odowa yenyewe imetoka ardhini na vilivyomo. Uingereza, mamlaka ya chakula iliwaonya wajawazito dhidi ya udongo wa kula unaotoka Afrika Magharibi kwa sababu ulikutwa na risasi. Mtoto aliye tumboni ndiye wa mwisho unayetaka akutane nayo, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mwambie mhudumu wa kliniki. Vidonge vya chuma hutolewa huko.

Kuhusu unga wa bentonaiti wa "kusafisha mwili" unaouzwa mtandaoni: jibu ni lile lile, na bei yake ni mbaya zaidi.

Naweza kuliona jambo hili kwa macho yangu?

Unaweza, kwa mrututu, ule wa buluu wa kunyunyizia kahawa na nyanya. Tumia chupa za kutupwa, si vyombo vya jikoni, na watoto wakae mbali na meza.

Yeyusha chembechembe za nusu gramu kwenye nusu lita ya maji. Yatakuwa buluu hafifu. Weka karatasi nyeupe nyuma uione. Gawa chupa mbili sawa. Moja iache. Nyingine tia vijiko viwili vya udongo mweusi uliokaushwa na kusagwa, tikisa kila baada ya dakika kumi kwa saa moja, kisha acha hadi kesho yake. Mimina maji ya juu polepole. Sasa chukua misumari miwili mipya, isugue kwa msasa, utumbukize mmoja kila upande. Kwenye maji yasiyotibiwa msumari utavaa koti jekundu la shaba ndani ya dakika chache. Upande wa pili utabaki kijivu, au utapaka rangi kidogo tu.

Mara ya kwanza nilipoonyesha hivi kwenye kikundi kimoja, msumari wangu wa pili nao ukawa mwekundu chapa. Nilikuwa nimechota udongo kando ya barabara, kumbe ni mchanga wa ujenzi ulioloa matope. Walicheka wakatosheka. Tulitembea hadi shambani kwa mwenyeji wetu, tukachimba kwa jembe hadi futi mbili, tukarudia, ukakubali.

Nani basi anafaa kutumia udongo?

Karakana. Gereji. Wachovya chuma kwenye zinki. Wanaoshughulika na betri. Yaani mwenye maji machache, machafu sana, ambayo vinginevyo yangemwagwa kwenye mtaro.

Fundi mmoja tuliyefanya naye kazi ana mapipa mawili. La kwanza hupokea maji ya kuoshea, na chokaa hutiwa kidogo kidogo, kwa glavu na miwani kwa kuwa asidi ikikutana na chokaa huchemka. Karatasi ya pH ikikaribia 9, risasi nyingi huwa imeganda na kutua. Maji ya juu huhamishiwa pipa la pili, hushushwa pH kidogo, kisha hukorogwa na udongo kwa nusu saa hadi saa, hulala usiku, hupimwa. Udongo hapo ni wa kumalizia, kuokota yaliyobaki. Chokaa yenyewe imeleta kalsiamu ya kugombea viti, kwa hiyo dozi ya udongo huwa kubwa kuliko ya kitabuni. Kumwaga maji ya karakana kunahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za ubora wa maji, na pipa halikuondolei wajibu huo. Na tafadhali, betri zisivunjwe uani ambako watoto wanacheza. Owino Uhuru kule Mombasa, mahakama mwaka 2020 iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa mtaa uliosumishwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Hakuna pipa lingezuia lile.

Kwa nini msimimine tu maji juu ya udongo kwenye bomba, kama kichujio cha mchanga?

Kwa sababu unaovimba huziba. Saa ya kwanza maji hupita, ya pili yanadondoka, ya tatu yamesimama. Huchanganywa na mchanga mwingi, au hufinyangwa vidonge na kuchomwa kwa joto la wastani, ambapo hupoteza sehemu ya nguvu ili upate umbo.

Udongo ulioshiba nautupa wapi?

Si shambani, wala shimo la choo, wala jaani. Kachok ya hapa na Gioto ya Nakuru zote zilipokea kila kitu kwa miaka, na mvua ikinyesha kilichomo hushuka. Udongo ulioshika risasi unaiachia ukikutana na asidi au chumvi nyingi. Baadhi ya watu huusafisha makusudi kwa asidi na kuutumia tena, lakini hapo umepata chupa ya asidi yenye risasi, na swali ni lilelile limevaa shati jingine.

Kinachofanyika kwa kiasi kidogo ni kuukausha, kuuchanganya na saruji hadi uwe gogo gumu, na kuukabidhi kwa mwenye leseni ya taka hatari. Gharama hiyo iingie kwenye bei ya kazi tangu mwanzo. Yule fundi wa mapipa mawili huweka matofali yake ya saruji kwenye kreti iliyoandikwa RISASI kwa rangi nyekundu, na hadi leo mke wake hakubali kreti hiyo iingie kwenye ua.

Nitajuaje kama maji yangu yana metali, na nilete kwa chupa gani?

Hutajua kwa ulimi wala kwa macho. Maji yenye chuma hutia nguo rangi na kunuka kutu, na watu hukimbilia kuyaogopa hayo. Ya risasi huonekana safi na hayana ladha ya kukushtua. Maabara ya Mkemia wa Serikali ina tawi Kisumu, na vyuo kama Maseno, Egerton na Masinde Muliro vina idara za kemia. Uliza kipimo cha metali, si "kipimo cha maji" tu, maana ukisema hivyo utapimiwa vijidudu.

Chupa iwe ya plastiki, mpya, isiwe ya soda wala ya dawa. Kama shaka ni mabomba ya nyumba, chota yale ya kwanza asubuhi kabla mtu hajafungua mfereji, kwa sababu ndiyo yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba. Kama shaka ni kisima, pampu kwanza dakika kadhaa. Uliza maabara kama watakupa asidi ya kuhifadhia. Metali hupenda kung'ang'ania kuta za chupa, na sampuli iliyokaa siku nne bila asidi hutoa majibu mazuri ya uongo. Andika juu yake mahali, tarehe na saa. Zisizo na maandishi huwa nazirudisha na mwenyewe.